"Alimwigiza", "aliigiza kama" au "alijifanya" Mzee Ojwang?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika wasifu wa marehemu Benson Wanjau, yule mchekeshaji wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya. Niliandika "aliigiza kama Mzee Ojwang", mhariri akafuta akaweka "alijifanya Mzee Ojwang". Sijaridhika. Tena anasema sentensi hii inapotosha, bila kunieleza kwa nini: "Alizozana na mkewe Mama Kayai miaka nenda miaka rudi, akafariki Julai 2015." Na je, nikimwita "bingwa wa tashtiti" nitaeleweka?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako amekosea la kwanza, la pili amepatia.

Anayejifanya anataka uamini asivyo. Mwizi hujifanya fundi wa umeme ili afunguliwe lango. Wanjau hakumlaghai yeyote. Waliokaa mbele ya runinga kutazama KBC walijua ni mchezo. Lakini na yako haisimami vizuri. Ukisema "aliigiza kama Mzee Ojwang", msikilizaji makini ataelewa kwamba Ojwang naye ni mwigizaji, na Wanjau alifuata mtindo wake. Kitenzi chetu hakihitaji hiyo "kama", kwa sababu kina nafasi ya mtendwa ndani yake: alimwigiza Mzee Ojwang. Basi.

Usikichanganye na kuiga. Kuiga kunataka kitu ambacho tayari kipo. Walter Mong'are wa kundi la wachekeshaji la Redykyulass alimwiga Rais Moi, tena Moi akiwa bado Ikulu, na raha ya mtazamaji ilikuwa kulinganisha sauti na sauti, mkao na mkao. Ojwang hakuwa mtu ambaye ungekutana naye njiani ukamlinganisha. Alichokiiga Wanjau ni matamshi: yeye alikuwa Mkikuyu, ilhali Ojwang ni mzee wa Kijaluo hata akisema neno moja tu la Kiswahili. Kwa hiyo andika "aliiga lafudhi ya Kijaluo, akamwigiza Ojwang", na kila kitenzi kitakuwa kazini kwake.

Sasa hiyo sentensi ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Kiambishi a- hakibagui mtu na mhusika. Aliyezozana na Mama Kayai ni Ojwang. Aliyefariki ni Wanjau. Wewe umewafunga wote wawili kwenye a- moja, na matokeo yake umemfanya Mary Khavere, aliyemwigiza Mama Kayai, kuwa mjane wa mtu ambaye alikuwa mwenzake wa kazi tu! Si wewe peke yako. Hata habari za msiba zilitangaza kwamba Mzee Ojwang amefariki, na hapo sina ugomvi nao, maana ndilo jina lililojulikana na wengi kuliko lile la kuzaliwa. Kichwa cha habari kina ruhusa hiyo. Wasifu hauna.

Kutaja majina kila mara ni tiba, ila inachosha. Mimi hutumia nyakati za kitenzi. Maisha ya mwigizaji yamepita, yape -li-. Mhusika hafi, kila kipindi kinaporudiwa yumo mle mle na miwani yake, kwa hiyo mpe -na- au hu-, kama tufanyavyo tunapojadili wahusika wa riwaya. Jaribu hivi: "Katika Vitimbi, Ojwang huzozana na mkewe Mama Kayai karibu kila kipindi. Wanjau, aliyemwigiza, alifariki Julai 2015." Hakuna tena wa kuuliza nani kamwoa nani.

Kuhusu tashtiti: wasomaji wa fasihi watakuelewa, lakini wengi waliopitia shule za Kenya walifundishwa kwamba tashtiti ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Kama makala yako ni ya gazeti, andika "bingwa wa kejeli".