Njooni bamvua: kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa ufukwe wa bandari

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji. Ameteuliwa kukaimu ukuu wa kitengo cha mipango ya ufukwe na mazingira katika bandari ya umma, ana miaka 32, na bosi wake ameshamwambia mbele ya watu kwamba anataka "kitu kinachoonekana" kabla mwaka wa fedha haujaisha. "Dada, nianzie wapi?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayeona haya: "Na samahani kwa swali la kijinga, saiti huwa unavaa viatu gani?"

Nimeandika majibu matatu nikayafuta. La kwanza lilikuwa hongera tupu. La pili lilikuwa na hasira ambazo hazikumhusu yeye. La tatu silikumbuki. Hili la nne linamhusu kiasi, ingawa nakiri limejaa mambo yangu.

Cheo kama chake nilikishika miaka saba katika bandari moja ya mwambao wetu. Sitaitaja. Wanaojua wanajua. Siku ya kwanza nilipewa meza, kofia ya plastiki, koti la kung'aa na maneno yale yale: kitu kinachoonekana. Na ufukweni kitu kinachoonekana ni ukuta. Sijawahi kuona mheshimiwa akikata utepe mbele ya mtaro. Ukuta unapigwa picha, unapandwa maua juu yake, watu wanatembea jioni, na wewe jina lako linatajwa kwenye hotuba. Nami nilitaka jina langu litajwe. Tusidanganyane.

Tulikwenda kukagua eneo asubuhi tatu mfululizo, mimi, wapimaji na mshauri elekezi aliyekuja na boti yake. Saa nne maji yalikuwa yamejaa, bahari imetulia kama mafuta, tukapima midomo ya mitaro ya mjini inapoangukia baharini, tukaona iko juu ya maji, tukaandika. Pembeni palikuwa na nahodha mmoja mzee anafuma dema lake, mtego wa samaki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatutazama kwa muda, kisha akasema: "Mama, mmekuja maji mafu. Njooni bamvua."

Nilitabasamu. Jioni kwenye ripoti, mahali pa mashauriano na wananchi, niliandika: "Maoni ya wadau yamezingatiwa." Ukurasa ule ninao mpaka leo.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajalelewa na bahari: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, bamvua kubwa inaweza kupandisha na kushusha maji kwa karibu mita 4, na kilele chake huangukia saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kujaa kwa maji mafu huangukia saa nne. Kwa hiyo sisi tulisimama pale saa nne, maji yakiwa yamejaa kweli, tukaamini tumeiona bahari ilivyo. Tulikuwa tumeiona imelala. Kati ya kujaa kule na kujaa kwa bamvua kuna takriban mita moja ya maji ambayo hatukuikuta.

Miezi kumi na minane ya zabuni, vikao na barua nairuka, haina mafundisho ila kwamba chai ya vikaoni ni ya maziwa mengi. Ukuta ukasimama. Kimo chake kilipigiwa hesabu sawasawa kutoka kwenye jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, hapo sina la kujutia. Uzinduzi ulikuwa wa kufana. Nilinunua viatu vyeusi vya kisigino kifupi kwa ajili ya siku ile.

Mwezi wa nne, masika imeshika, simu iliita saa kumi na robo alfajiri. Mlinzi wa lango, mtu asiye na maneno mengi.

"Mama, bahari imo ndani."

"Imeruka ukuta?"

"Ukuta uko mzima. Imo ndani."

Nilitoka na viatu vya uzinduzi, ndivyo vilivyokuwa karibu na mlango. Nilipofika soko la samaki nyuma ya ukuta, taa zilikuwa zinawaka na maji yanatoka kwenye nondo za mtaro katikati ya sakafu, bila kelele, kama maziwa yanavyopanda sufuriani. Yalikuja na magamba ya samaki, vizibo vya chupa na kandambili moja ya mtoto. Mvua nayo inaendelea. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amesimama juu ya benchi ameukumbatia mzani wake kama anayebeba mtoto. Akaniona na koti langu la kung'aa. "Mama injinia," akasema, "hivi huu ukuta ni wa kuzuia maji yasiingie au yasitoke?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameshalitoa yeye. Zamani maji ya mvua yalikuwa yanateremka hadi pwani popote yalipopenda. Sisi tukayajengea ukuta, tukayaachia mabomba manne. Bamvua ilipofika, midomo ya mabomba ikawa chini ya bahari, bahari ikapanda nayo kinyumenyume hadi sokoni, na mvua ikakosa pa kutokea. Dawa yake inajulikana: kila mdomo unafungwa mlango mzito wa bawaba unaofunguka kwa maji yanayotoka na kujifunga bahari inaposukuma. Ukijifunga, mvua inahitaji bwawa la kusubiri au pampu mpaka maji yapwe. Milango minne ilikuwamo kwenye michoro ya kwanza. Iliondolewa tulipoambiwa tupunguze gharama. Bei yake haikufika ya hema na chakula cha siku ya uzinduzi.

Nani aliyeiondoa? Agizo lilitoka juu, kwa mdomo. Sahihi ni yangu.

Kwenye kikao cha wiki iliyofuata, yule yule aliyeniambia nipunguze alikunja mikono akasema, "Kitengo cha mazingira kitueleze." Nikatazama meza nzima. Watu waliokuwamo chumbani siku ya agizo wakainamia simu zao. Mwezi haukwisha nikahamishiwa "miradi maalumu", ofisi yenye kiyoyozi kizuri na isiyo na mradi wowote. Milango ilikuja kufungwa na aliyenirithi, akapewa cheti cha mtumishi bora. Nimesamehe. Nakumbuka bado nani alikaa kiti gani.

Sasa ushauri, maana ndio ulioombwa.

Nenda bamvua. Nenda ya alfajiri, nenda na ya jioni. Ile ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba huwa kubwa kuliko za miezi mingine, na ya Aprili ina balaa lake kwa sababu inakutana na masika. Usitume msaidizi. Simama pale mpaka maji yafike yanapofika, kisha tazama nyuma yako, mjini, uone yanatokea wapi. Sisi tunaosomea mambo haya hutazama baharini tu.

Baada ya kuhamishwa nilirudi kwa yule nahodha. Hakunisimanga, na laiti angenisimanga. Alinishika mkono tukateremka kwenye mawe ya gati ya zamani maji yakiwa yamekupwa, akanionyesha: chaza waliogandamana wanakomea hapa, juu yao vikonokono vidogo, juu yake tena mstari mweusi ulionyooka jiwe hadi jiwe. "Bamvua inafika hapo," akasema, na kidole chake kikapita juu ya ule weusi. Nilinyoosha macho hadi kwenye mdomo wa bomba letu la kwanza. Ulikuwa chini ya mstari ule kwa urefu wa mkono wangu. Mshauri elekezi alikuwa na vifaa vya kupimia kwa setilaiti, na jibu lilikuwa limechorwa kwenye mawe hatua kumi kutoka alipoegesha boti.

Na mstari wenyewe hautulii. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Ni karibu shibiri moja. Ukiisema kwenye semina watu wanapiga miayo. Kaipime kwenye mdomo wa bomba.

La mikoko. Utaombwa upande mikoko mbele ya kamera, nami nilipanda, mia kadhaa, na fulana za rangi moja. Tuliotesha miche ya mkoko wenyewe, ile yenye mbegu ndefu kama fimbo, kwa sababu ndiyo rahisi kuchomeka kwenye tope, tukaichomeka mbele kabisa kwenye mawimbi. Kusi ya kwanza ikaondoka nayo yote. Mbele ile ni ya mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, na mchu unavumilia hadi kule juu penye chumvi kali. Wanavijiji wa Gazi, kusini mwa Mombasa, hawangefanya kosa hilo. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko tangu 2013, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule za kijijini. Kabla ya kununua fulana, panda matatu uende ukajifunze kwao.

La diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Bandari ikichimba kina, tope linasafiri, na anayelikuta kwanza ni mwenye dema. Usimwandike "mdau" ukampa soda. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya bandari ya Lamu na kuagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Majaji walisema haki yao ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kupewa taarifa ilikuwa imekiukwa. Hukumu ile niliichapisha nikaiacha mezani kwa makusudi kila nilipokuwa na kikao na watu wa fedha. Walikuwa wanaisoma jumla tu, lakini ilitosha.

La mifano ya ng'ambo. Utapelekwa semina utaonyeshwa San Francisco, na ni mfano mzuri, nami nilionyeshwa: bandari ya umma, ukuta wa bahari wenye zaidi ya miaka 100, mji mzima nyuma yake. Ila wakikuonyesha picha, uliza habari za fedha. Novemba 2018 wapiga kura wa mji ule walikubali wenyewe mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya ukuta, na rasimu ya mpango iliyotolewa Januari 2024 ilitaja dola bilioni 13.5. Watu waliambiwa hatari ni ipi, wakaambiwa bei, wakapiga kura. Sisi tunaficha hatari ili tusiulizwe bei, halafu tunashangaa mwananchi anapong'oa nondo za mtaro akauze chuma chakavu. Hakuwahi kuambiwa ni zake.

Na la wanaokaa ufukweni jioni. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilifunguliwa upya 2009 baada ya matengenezo ya mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, na giza likiingia wachoma mishikaki wako pale pale na taa zao. Kwetu tulipanda nyasi tukaweka kibao cha kukataza kukaa. Nenda saa moja usiku uhesabu watu, kisha unieleze upi ni mpango wa ufukwe na upi ni ua wa ofisi.

Vijana mnapenda vyeo vyenye majina marefu. "Ustahimilivu", "mandhari ya maji", sijui "uchumi wa buluu". Mimi pia nilivipenda, kadi yangu ya kazi ilikuwa na mistari minne. Lakini cheo hiki ni cha kuamka saa tisa usiku. Kama huwezi kuamka saa tisa, mwambie bosi wako mapema akupe kitengo cha itifaki, chai iko huko. Na agizo lolote la kuondoa kitu kwenye mchoro lidai kwa maandishi. Akikwambia "tutaelewana", mwandikie wewe barua pepe jioni ile ile: "Kama ulivyoniagiza leo mchana..." Ningekuwa nimeandika sentensi hiyo moja, pengine ningekuwa nazungumza na wewe kutoka kwenye kiti kingine. Na barua ya kukaimu uipate mkononi, yenye tarehe na posho. Mimi nilikaimu miezi saba kwa mdomo.

Bamvua ijayo nitakuwa pale sokoni saa kumi kasorobo alfajiri, kama kawaida yangu siku hizi, hakuna anayenilipa. Yule mama wa mzani huniuzia samaki aina ya changu kwa bei ya nduguye na hunikumbusha kila mara kuhusu benchi. Karibu uje.

Viatu: buti za mpira, za kufika chini ya goti, namba moja zaidi ya yako kwa sababu utavaa soksi mbili. Vile vyeusi nilivianika wiki nzima, chumvi ikatoka nyeupe kwenye mshono, havikuvalika tena.