Maswali ya Wasomaji: Jozi ya buabua na picha isiyosema kitu

SWALI: Mhariri, nina kamera nzuri na lenzi ya milimita 500. Nimepiga picha nyingi za buabua, wale ndege wa baharini wenye utosi mweusi, wakiwa wawili wawili mahali wanapotagia, lakini kila nikizitazama naona ndege wawili waliosimama karibu karibu tu, kana kwamba hawajuani. Nitaonyeshaje kwamba wale ni dume na jike wake? Je, nisogee karibu zaidi?

JIBU: Usisogee. Lenzi yako inatosha, na kinachokosekana katika picha zako hakitokani na umbali. Buabua dume na jike wanafanana kwa rangi, kwa hiyo mtazamaji hana njia ya kuwatofautisha ila kwa matendo yao, na matendo hayo yana mpangilio ambao utaujua ukikaa na kuwatazama kabla hujashika kamera.

Tendo linalofaa kuliko yote ni dume kumlisha jike, ambalo huonekana hasa siku zinazotangulia kutaga. Dume hurudi kutoka baharini akiwa amembana samaki mdogo mdomoni, amekingama, huku akilia. Jike humtambua kabla hajatua: hujiinamisha, huirudisha shingo mabegani, na kuomba kwa mlio unaofanana na wa kinda. Anza kupiga picha mfululizo hapo, maana samaki hupokewa kwa upesi mno, na anayengoja ayaone makabidhiano ndipo abonyeze huwa ameshachelewa. Si kila mara dume hutoa alichokileta. Pengine humzunguka jike akiwa amenyoosha shingo na kushusha mabawa, kisha huruka tena na samaki wake. Mimi huzithamini sana picha za namna hiyo, kwa kuwa ndani yake mmoja anataka na mwingine bado hajakubali. Wala chakula hicho si cha uchumba tu, kwani humsaidia jike kutengeneza mayai, ambayo kwa kawaida huwa 1 hadi 3.

Kuhusu kamera, kasi ya shata, yaani kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, isipungue 1/2000 ya sekunde kwa ndege anayetua. Wakiwa wamesimama, 1/800 inatosha. Jambo ambalo wengi hulisahau ni mahali pa kukaa. Kwa lenzi ndefu kama yako, hata ukipunguza tundu la lenzi hadi f/8, kichwa cha ndege aliye nyuma kitafifia, kwa hiyo jiweke ubavuni mwao, ili vichwa vyote viwili viwe katika umbali ulio sawa na lenzi. Lala kifudifudi ikiwezekana, wawe usawa wa macho yako. Jicho la buabua ni jeusi na limo ndani au ukingoni mwa utosi mweusi, na jua la juu hulipoteza kabisa. Piga asubuhi au jioni, jua likiwa chini mgongoni mwako, ili jicho lipate nukta ya mwanga. Pima mwanga kwa kufuata weupe wa kifua, kwani manyoya meupe yakishaungua pichani kwa mwanga kuzidi, hayarudishiki.

Sasa nirudi kwenye kusogea, kwa sababu hapa nina wasiwasi. Buabua wengi hutaga juu ya mchanga au kokoto, na mayai yao yenye madoa hayatofautiki kirahisi na mawe. Mguu mmoja unaweza kuyavunja bila mwenyewe kujua. Mzazi akifukuzwa, mayai hubaki juani, na shakwe huja kuyala. Kwa hiyo kaa nje kabisa ya eneo la viota, fika polepole, na tumia shata isiyo na sauti kama kamera yako inayo. Ndege wakiinuka wote kwa pamoja, au mmoja akianza kukushukia kichwani huku akipiga kelele, ondoka mara moja. Bali ukiona jike anaendelea kujisafisha manyoya na dume anaendelea kuleta samaki bila kukujali, basi hapo ulipo panafaa, na usiongeze hata hatua moja.