Kabla ya Kulaumu Jeni, Tazama Kipimajoto

Wanafunzi ninaowasaidia hapa Dar es Salaam kuchunguza jinsi jeni zinavyoongoza kifo cha seli katika mimea hupenda kuanza na jeni yenyewe. Mimi huwauliza kwanza chumba chao kina nyuzi joto ngapi.

Jani linapovamiwa, seli zilizo jirani na adui huweza kujiua ili asipate pa kupitia, na uwezo huo hutokana na jeni. Tumbaku yenye jeni iitwayo N, ikiambukizwa virusi vya mosaiki ya tumbaku, hutoa madoa makavu ambamo virusi hunaswa. Joto likizidi nyuzi 28 za Selsiasi, madoa hayo hayatokei, na virusi huenea mmea mzima ingawa jeni ingalipo. Arabidopsis (mmea mdogo unaotumiwa sana katika majaribio ya maabara) yenye hitilafu katika jeni ya BON1 nayo hudumaa kwenye nyuzi 22, kwa kuwa kinga yake huamka bila adui, lakini kwenye nyuzi 28 hukua kama mmea wa kawaida. Sasa fikiria Dar ya Januari, umeme umekatika na kiyoyozi kimezima: mtu anaweza kuandika kwamba jeni haina kazi, kumbe ni joto lililoinyamazisha. Kwa hiyo weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha kila siku, na usiyafiche matokeo yake katika tasnifu.

Mwanga nao una hila zake. Jeni ya LSD1, iliyoelezwa mwaka 1994, hufanya kazi ya breki ya kifo cha seli. Mmea ulioikosa huonekana mzima siku zikiwa fupi, ila ukipewa mwanga wa saa 16, kifo kikianza mahali pamoja husambaa jani zima. Mchana wa Dar hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo dirisha halitakupa siku ndefu. Nunua taa na saa ya kuiwasha na kuizima, hata kama ni ya bei nafuu kutoka Kariakoo.

Jambo jingine ni vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kaspasi za wanyama, yaani vimeng'enya vinavyokata protini seli inapojiua, ambavyo siviamini sana kwa kazi hii. Mimea haina kaspasi halisi, bali ina metakaspasi, jamaa zake wa mbali, na mwaka 2010 ilionyeshwa katika Arabidopsis kwamba metakaspasi iitwayo AtMC1 huchochea kifo cha seli ilhali nyingine, AtMC2, hukizuia. Ni heri kuzipaka seli zilizokufa rangi ya bluu ya tripani na kuziangalia kwa hadubini, pembeni ya jani la mmea wa kawaida uliooteshwa siku ileile, kwenye trei ileile.