Kwa nyie mnaoanza kazi ya kufundisha wafanyakazi wapya

Nimefundisha makeshia wa supamaketi hapa Dar miaka tisa sasa, na kila mwaka naletewa vijana wametoka chuo, wengine wamesoma saikolojia kabisa, wanaambiwa kaeni na dada hapo awaonyeshe jinsi ya kutreni watu. Kuna kitu kimoja nawaomba wote na leo nakiandika: punguzeni kuongea. Mtu anajua kazi pale tu anapolazimika kuitoa kichwani mwenyewe na kuifanya kwa mkono wake, yale maneno yako mazuri yanapita tu.

Mi mwenyewe nilianza vibaya. Semina ya siku nzima, projekta, slaidi zaidi ya themanini, toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, nauliza mmeelewa, wote ndiooo. Siku mbili baadaye nimepita kaunta namkuta binti mmoja wa darasa langu kaskani sabuni mara mbili kwa bahati mbaya, foleni imefika kwenye mikate, anaiangalia mashine mkono unamtetemeka, hajui aifute kabla ya kutoa risiti au amwite supavaiza na kadi yake au afanye nini, na anajua risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ikishatoka huwezi kuifuta kienyeji tu. Hatua zote alikuwa ameziandika kwenye daftari, kwa maneno yangu yale yale. Daftari liko kwenye kabati la kubadilishia nguo. Nilimuona mzembe, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu uzembe ulikuwa wa kwangu.

Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, anakariri orodha za silabi zisizo na maana halafu anajipima baada ya muda, akaona sehemu kubwa inapotea ndani ya siku ya kwanza tu. Sasa we unampa mtu mambo ya mwezi mzima siku moja unategemea nini? Mi siku hizi nakata, dakika arobaini kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, wiki mbili. Na kila asubuhi tunaanza na karatasi tupu: andika hatua za kufunga hesabu za shifti, bila kuangalia popote. Wananuna kweli, wanaona ni mtihani wa shule. Waache wanune. Wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 walichukua wanafunzi, kundi moja wakawa wanarudia kusoma, lingine wanasoma halafu wanajipima, wakipimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma wako juu, baada ya wiki waliojipima ndo wanakumbuka zaidi, na kwa mbali. Hapo ndo trena mpya anapodanganyika, maana jioni ya semina kila mtu anajiona anajua, fomu za maoni zinajazwa vizuri, bosi anafurahi. Mtaalamu wa mafunzo kazini, Donald Kirkpatrick, tangu 1959 alishatenganisha hivi vitu: mtu kuyapenda mafunzo ni kimoja, kujifunza ni kingine, kubadilika kazini kingine, na faida kwa kampuni kingine. Ofisi nyingi nilizoziona zinaishia hicho cha kwanza.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni woga. Kwenye sehemu moja niliyofanya kazi, shoti, yaani hela inayopungua kwenye droo, ilikuwa inakatwa kwenye mshahara toka siku ya kwanza. Matokeo yake keshia mpya akikosea anaficha, anafidia na nauli yake, au anamuomba mwenzake amuazime elfu tano hesabu zikae sawa, na mi niliyepo kufundisha sioni kosa hata moja, nadhani wanaendelea vizuri. Mtafiti Amy Edmondson alikuta kitu kama hicho hospitalini, utafiti wake ulitoka 1996, timu za wauguzi zenye uongozi mzuri zilikuwa zinaripoti makosa mengi zaidi ya dawa, na maelezo yake ni kwamba kule watu walikuwa huru kusema. Nilienda kwa meneja mara tatu kuomba wiki mbili za mwanzo zisikatwe, mara ya tatu akakubali. Ndani ya siku chache watu wakaanza kuja wenyewe, dada mi nimekosea hapa. Tukagundua shoti nyingi zinatoka sehemu moja, mteja analipa nusu kwa simu nusu keshi, keshia anaingiza yote kama keshi, jioni droo haitoshi. Yaani malipo ya mchanganyiko nilikuwa sijawahi kuyafundisha! Watu walikuwa wanalipia kwa mshahara wao shimo la kwenye somo langu.

Kwa hiyo usimkosoe mtu mbele ya mteja, kamwe. Na mwanzo mpe kazi anayoiweza, bidhaa tatu nne na malipo ya keshi tupu, akishashika ndo unaongeza simu, unaongeza kurudisha bidhaa. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kwamba anaweza inajengwa zaidi na yeye kuona kweli ameweza, kumpa moyo kwa mdomo kunasaidia kidogo tu. Wa kumwangalia akifanya pia mchagulie, we unampa keshia mwenye kasi wa miaka sita, vidole havionekani hata, mgeni anakata tamaa, mpe aliyeanza miezi mitatu iliyopita, huyo bado anakumbuka pale panapochanganya na atamwambia hapa mi nilikwama.

Supavaiza kaa naye kabla ya mafunzo, muelewane, maana asipokuwa upande wako atamwambia kijana hayo ya darasani achana nayo, huku tunafanya hivi, na hapo umekwisha.

Halafu wale wa shifti ya jioni. Wengi wanasahaulika kwa sababu trena anaondoka saa kumi na moja, wakati hesabu zinafungwa saa nne usiku. Omba usafiri, ubaki nao siku mbili tatu, simama nyuma yake kidogo, usishike mashine, mwambie nionyeshe unavyofunga, halafu nyamaza mpaka amalize.