Mbao za mkaratusi kwa meza ya uani

Ndugu yangu, umeuliza kama mkaratusi utafaa kwa meza ya uani, nawe ndiyo kwanza unashika msumeno. Unafaa, chukudu zetu hapa Goma, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, si zinatengenezwa nao? Ila usijenge na mbao mbichi. Zikikauka zinajipinda na kupasuka. Meza yangu ya kwanza ilinyanyuka pembe moja, sahani ikawa haitulii. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, uziache miezi miwili mitatu.

Kimo cha meza cha sentimita 75 kinatosha. Kabla ya kukaza fremu, pima kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili: vipimo vikilingana, imekaa sawa. Toboa tundu jembamba kwanza ndipo uingize skurubu, mti huu ni mgumu. Kati ya mbao za juu acha milimita 5, maji ya mvua yapite.

Miguu nakuomba uijali kuliko vyote. Maji yanapandia chini kabisa, pale mti ulipokatwa. Paka hapo rangi ya mafuta mara mbili, kisha kila mguu uukalishe juu ya jiwe bapa. Mawe ya volkano tunayo tele.