Buku jero ya tarehe mosi

Swali la wiki hii linauliza: "Ukishalipa bili zote za nyumbani, familia yako inabaki na kiasi gani kwa mwezi?" Nililisoma nikiwa dukani, mteja kasimama mbele yangu anangoja chenji, nikajikuta nimejibu kwa sauti: hakuna! Mteja akadhani namnyima chenji yake, tukaanza kuelewana upya.

Sasa nimetulia. Na kwanza nina ugomvi na swali lenyewe. Linasema "bili" kana kwamba kila familia hapa mjini inaletewa karatasi yenye jina lake. Sisi wa nyumba za kupanga, wa choo kimoja na mita moja, hatuletewi bili. Sisi tunachangishana. Kabla hujaniuliza kinachobaki, niulize kwanza nalipa umeme wa nani.

Nyumba yetu iko Mbagala, ni ile ya korido katikati na vyumba huku na huku. Kaya tano, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ipo ukutani karibu na mlango mkubwa. Mwenye nyumba haishi hapa, tunamwona siku ya kulipa pango. Mnakumbuka mwaka 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali, ilipohamishiwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, halafu 2023 ikapandishwa ikawa 1,500. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, buku jero inakatwa hapo hapo, inayobaki ndiyo inakupa uniti. Jengo ni la mwenye nyumba, kodi ni ya mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji aliyetangulia kununua. Na hapo kwenye kutangulia ndipo penye mambo.

Ilikuwa tarehe mosi, jioni, baada ya magharibi. Mita ilikuwa inalia tangu mchana na kila aliyepita mlangoni alijifanya kiziwi. Mimi mwenyewe nilipita nikaangalia ukuta wa pili. Umeme ukakata. Kwa kawaida LUKU ikiisha, mtu anapiga kelele korido nzima, "Jamani, LUKU!", na ndani ya dakika chache mtu kaingiza tokeni, madeni mtadaiana kesho. Siku hiyo kimya. Tukatoka mmoja mmoja, na mikeka, tukakaa barazani. Joto la Desemba mnalijua. Mazungumzo yalikuwa matamu ajabu: bei ya mchele, mtoto wa jirani aliyefaulu, mvua zitanyesha lini. Simu ziko mkononi, zinamulika nyuso, na ndani ya kila simu hela ipo. Mume wangu alikuwa ametoka kuweka hesabu ya bajaji muda si mrefu. Nikamkanyaga mguu asiguse simu.

Kaka wa chumba cha mwisho, ambaye ni mlinzi na usiku halali nyumbani, akasema yeye anakwenda kazini, hana haja na taa. Baba wa chumba cha mbele akasema mwezi uliopita alitangulia yeye. Mke wake akadakia kwamba hata mwezi wa juzi. Dada mwingine, mwenye jiko la umeme analodai halitumii (taa zetu zinafifia kila akipika, lakini halitumii), akasema kwake kuna taa moja tu na feni, kwa nini akatwe yeye kodi ya nyumba nzima? Kwa hesabu ya kugawana ni shilingi 300 kwa kaya. Mia tatu! Siku hizi hupandi hata daladala kwa hiyo. Na bado watu wazima tulikaa gizani tunapepea mbu kwa kanga kwa ajili yake.

Aliyekuwa anaumia kweli ni Mama Nasra. Yeye ana friji, anauza barafu za ukwaju na ubuyu, na friji lilikuwa limejaa. Alianza kuingia ndani na kutoka. Akiingia tunasikia mlango wa friji, akitoka anakaa bila kusema neno. Mwishoni akatoka na beseni, barafu zimeshalainika ndani ya vifuko, akaanza kuwagawia watoto wote wa nyumba, wa kwake na wa kwetu. "Kuleni, zisimwagike." Watoto wakafurahi, wazazi tukaangalia chini. Halafu akachukua simu, akanunua umeme wa elfu tano. Ikakatwa buku jero, akapata uniti chini ya kumi. Taa zilipowaka hakuna aliyeshangilia.

Asubuhi tulikuta karatasi imebandikwa juu ya mita, mwandiko wa Nasra wa darasa la sita: majina ya kaya zote tano, kila jina na mwezi wake wa kutangulia. Chini yake: "Anayebandua atalipa mwaka." Karatasi ile bado ipo.

Kwa kuwa ilinichoma, nilimpelekea mwenye nyumba hoja. Siku ya kulipa pango nikamwambia, baba, ile ya jengo tuikate kwenye kodi ya pango, maana ni yako. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba wapo wanaokitaka hicho chumba hata leo. Nikamhesabia hela yake yote. Hiyo siisamehe, hata nikilainika kwingine kote katika barua hii.

Maana kuna jambo kubwa kuliko buku jero, na wengi wa nyumba za kupanga hawalioni. Ipo tarifa ya matumizi madogo: asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa kama shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo ndani. Ukizidi huko unahamia bei ya kawaida, shilingi 356. Mimi na familia yangu, kwa taa, feni, televisheni na kuchaji simu, tukila sana ni uniti 40. Ningekuwa na mita yangu ningelipa 4,880. Lakini kaya tano kwenye mita moja ni uniti 200 na zaidi, kwa hiyo mita yetu inahesabiwa kuwa ya mtumiaji mkubwa, na zile zile 40 zangu nazilipia 14,240. Tofauti ni 9,360 kila mwezi. Unafuu uliowekwa kwa ajili ya mnyonge unampata mwenye nyumba yake ndogo na mita yake, mnyonge aliyepanga haupati. Na kuomba mita nyingine hapa mjini ni zaidi ya laki tatu, kwenye ukuta usio wako.

Nilipofika hapa nikataka nimalize kwa kusema: mnaona, hakibaki kitu. Lakini nikaona aibu kuandika bila hesabu, nikachukua daftari la mtoto.

Mshahara wangu wa dukani ni laki mbili na nusu. Mume wangu, akishaweka hesabu ya mwenye bajaji na mafuta, anaacha elfu kumi ya matumizi, siku akijaliwa, na hiyo yote ni chakula. Pango elfu tisini, ambayo hailipwi kila mwezi, inatolewa miezi sita kwa mpigo, kwa hiyo lazima niifiche hata kwangu mwenyewe. Umeme huo niliosema. Maji ya ndoo. Mtungi mdogo wa gesi. Nauli yangu ya Kariakoo. Watoto shule ni bila ada, ila hela ya kula shuleni ipo. Nikajumlisha, nikatoa. Ikabaki elfu thelathini.

Nikajua nimekosea, nikarudia. Ikabaki tena. Basi inakwenda wapi? Ishirini ni kikoba, hisa ya elfu tano kila Jumapili, na siku zote naitoa kabla ya kitu kingine chochote, ndiyo maana nilikuwa siihesabu. Nyingine ni mama yangu kule Ikwiriri, na michango: leo msiba, kesho kadi ya harusi ya mtu ambaye hata jina la pili simjui.

Kuna kingine nilichokikuta kwenye daftari kwa kutokuwepo kwake. Hakuna hela ya dada wa kazi. Wanangu wakitoka shule wanakwenda kwa Mama Nasra, wanakula huko, wanafanyia kazi zao za shule pale pale kwenye friji, mpaka nirudi. Hajawahi kunidai. Dada wa kazi angenimalizia hiyo thelathini yote na bado ningekuwa na deni. Kwa hiyo hiyo 9,360 ninayoilalamikia, nikipewa leo mita yangu kwenye chumba cha peke yangu huko Chamazi, nadhani sitakwenda. Labda watoto wakikua. Labda na kule kungekuwa na Mama Nasra mwingine, lakini sina uhakika.

Jibu langu basi ni elfu thelathini, kwa sharti bajaji isilale gereji, na isiwe Januari. Nimemsomea mume wangu, amekataa. Anasema nimesahau vocha, kinyozi, na zile buku mbili mbili ninazomwomba jioni. Kwake yeye ni kumi na tano. Tumebishana mpaka tukapatana niandike ishirini.