Maswali Yenu: Gilberto Silva na wanaohesabu mabao tu

Gilberto Silva ni ndugu yao Thiago Silva na David Silva?
Hapana. Gilberto ni kiungo mkabaji wa zamani wa Brazil na Arsenal, na Silva kule Brazil ni kama Juma huku kwetu. Na David ni Mhispania. Swali hili nimeshalijibu, naomba lisirudi.

Kombe la Dunia 2002 kazi ilifanywa na Ronaldo, Rivaldo na Ronaldinho. Yeye alifanya nini?
Hapa ndipo tunapogombana kila mara. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza, nahodha wa Brazil, Emerson, aliumia bega mazoezini, akijifanya golikipa. Kocha Scolari akampa namba yake Gilberto wa klabu ya Atlético Mineiro, kijana wa Lagoa da Prata aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha pipi. Akacheza mechi zote saba, dakika zote. Mabeki wa pembeni, Cafu na Roberto Carlos, walikuwa wanapanda wanavyotaka. Mlidhani nani alikuwa anabaki kuziba? Rudieni nusu fainali na Uturuki. Gilberto anakokota mpira upande wa kushoto, anampasia Ronaldo, Ronaldo anaupiga kwa ncha ya kiatu, 1-0. Bao mnalikumbuka wote. Pasi hamna anayeitaja, kwa sababu mpira mnautazama kwa vipande vya sekunde kumi kwenye simu.

Si kweli kwamba Arsenal alibebwa na Vieira?
Kiungo Vieira aliondoka 2005. Msimu wa 2006/07 nahodha Henry akiwa majeruhi kila mara, aliyevaa kitambaa cha unahodha mara nyingi ni Gilberto, na akafunga mabao 10 ya ligi. Bao la kwanza la Arsenal la ligi pale Emirates, uwanja wao mpya, dhidi ya Aston Villa, ni lake. Kabla ya hapo, 2004/05, alivunjika mfupa wa mgongo akakosa sehemu kubwa ya msimu. Timu ile ile iliyotoka kumaliza ligi bila kufungwa ikaanza kupitika katikati.

Mbona kocha wa Arsenal, Wenger, alimwacha?
Kiungo mwenzake Flamini alimpokonya namba, hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni unahodha kupewa beki Gallas mwaka 2007 huku Gilberto yupo. Februari 2008, baada ya sare ya 2-2 na Birmingham, nahodha huyo alikaa chini uwanjani amenuna, wenzake wakiondoka. Gilberto alikwenda zake Panathinaikos ya Ugiriki, na 2010 akabeba ligi na kombe la huko.

Siku hizi anachezea wapi?
Jamani. Kazaliwa 1976. Timu yake ya mwisho ni Atlético Mineiro, waliochukua Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, 2013.

Mwanangu ana miaka 12, anacheza namba sita (kiungo mkabaji), lakini anataka kuhamia mbele ili aonekane. Nimruhusu?
Mwache ajaribu, ni mtoto. Ila mtafutie mechi nzima ya Arsenal ya 2003/04, amtazame Gilberto mwenye jezi 19 hata mpira ukiwa mbali naye: anasimama wapi, anageuza shingo mara ngapi. Na akitokea mtu wa kukuahidi majaribio Brazil akitaka hela ya "fomu" kwanza, mfukuze.